Fundi wa Meno Bandia Aomba Asamehewe Tabasamu la Asili

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkuu na Mwenye Kliniki,

(Nakala: ubao wa matangazo, kwa kuwa barua zangu mbili zilizotangulia zilipotea kati ya karakana yangu na meza yako, safari ya milango minne.)

Natumai barua hii itakukuta mzima na unatabasamu, kama tangazo lako la Jumatatu linavyotuagiza sote.

Mimi ni fundi wako wa meno bandia, yule wa chumba cha nyuma chenye vumbi la plasta, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kazi yangu ni kuwatengenezea watu tabasamu. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami nitadaiwa la kwangu.

Tangazo lilisema kila mfanyakazi apigwe picha ya kutundikwa ukutani pale mapokezi, "akitabasamu kwa asili, na asiyeweza atarudia mpaka aweze." Wenzangu walimaliza siku moja. Mimi nipo siku ya tisa. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Neno "asili". Uso wangu wa asili ni huu huu wa kununa. Marehemu baba alikuwa nao, na shangazi zangu wanne wanao mpaka leo, wala hatuna ugomvi na mtu. Ndivyo tulivyoumbwa. Nikinuna, hapo ndipo nilipo kwenye asili yangu. Unachokitaka wewe ni tabasamu la bandia, na hilo, Daktari, huwa nafanya kwa oda. Linachukua wiki mbili.

2. Mpiga picha uliyemleta. Ni kijana mwenye adabu, simsemi kwa ubaya. Aliniambia nibane ulimi nyuma ya meno ya juu, nifumbe macho, akihesabu tatu nifumbue kama mtu aliyefurahi. Nikafumbua. Alishusha kamera, akaniuliza taratibu kama kuna mahali panauma. Kisha akasema niwaze jambo lililowahi kunifurahisha hapa kazini. Niliwaza kwa muda mrefu. Mwishowe nikaikumbuka ile wiki maji yalipokatika tukafunga kliniki siku tatu, na mdomo ukaanza kufunguka wenyewe. Bahati mbaya ukapita wewe mlangoni kuangalia maendeleo. Tangu hapo tumepiga picha thelathini na moja. Katika moja nafanana na mtu anayezuia chafya. Nyingine dada wa mapokezi ameomba zifutwe, anasema hawezi kukaa nazo chumba kimoja.

3. Nyumbani. Kwa kuwa tangazo lilisema nirudie, nilirudia. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo cha bafuni, shingo upande, nikajichekea. Siku ya nne mama watoto alinikuta. Alisimama pale na taulo mkononi, akaniuliza swali moja tu.

"Ni nani huyo?"

Nikamjibu kweli tupu, kwamba ni mpiga picha. Hilo halikusaidia. Jioni yake shemeji yangu mkubwa aliitwa, nikakalishwa sebuleni nikiwa na miaka hamsini na minne, nikaelezwa kuhusu wanaume wanaoanza kujipenda ghafla. Nilitaka kuwaonyesha tangazo lako. Mama watoto alisema hata tangazo linaweza kuchapwa na mtu yeyote.

4. Wagonjwa. Wiki iliyopita nilipita mapokezi nikifanya zoezi. Mzee mmoja fundi seremala alikuwa amekaa benchini, shavu limevimba kama ngumi. Akaniona. Akauliza watu wote pale ni kitu gani kinanichekesha kwenye shavu lake, kisha akanyanyuka akaenda zake na jino lake bovu. Nilimfuata mpaka barabarani kumwomba radhi. Ila uso ulikuwa umeshaganda kwenye zoezi, kwa hiyo nilimwomba radhi meno yote yakiwa nje.

5. Msiba. Jumamosi tulimzika jirani yetu, muuza vipuri vya baiskeli, mtu tuliyeheshimiana sana. Nilifika mbele ya mjane kumpa pole. Sijui hata nisemeje. Siku zote hizo nilikuwa nimeuambia mdomo wangu kwamba kila ninapotazamwa na mtu ufunguke, na yeye akanitazama. Mama watoto alinivuta shati kwa nyuma. Hatukusubiri chai.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako ikubali moja kati ya mambo matatu. La kwanza, itundikwe picha ya mikono yangu, ambayo haijawahi kumkosea mtu. La pili, kwenye fremu yangu iwekwe seti kamili ya meno niliyoyatengeneza mwenyewe, ambayo yanatabasamu usiku na mchana bila kuambiwa wazo la furaha. La tatu, na ndilo ninalolipendelea, kutabasamu kupigwe marufuku katika eneo lote la kliniki, kuanzia getini, ili wote tuwe sawa.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, mhasibu aliyetoka vizuri kwenye picha ya kwanza, na wote wanaoniuliza habari zangu siku hizi kwa sauti ya kunihurumia.

Ni mimi, mtiifu wako, asiyetabasamu,

Fundi wa Meno Bandia
Karakana, chumba cha nyuma

N.B. Nimefungua tena bahasha. Leo asubuhi alikuja bibi mmoja, mwalimu mstaafu, kuchukua meno yake ya juu. Miaka miwili amekuwa akiongea huku kiganja kimefunika mdomo. Nikamvisha. Akauma, akaachia, akajitazama kwenye kioo, kushoto kisha kulia. Halafu akasema, "Fundi, sasa nikimkaripia mzee wangu, maneno yatatoka yote."

Sikumbuki nilifanya nini. Mpiga picha alikuwa ananisubiri mlangoni, na anasema ameipata. Amenionyesha. Tafadhali yapuuze yote niliyoandika hapo juu, uitundike hiyo, karibu na mlango, penye mwanga. Ila fremu iwe kubwa. Bibi naye yumo, na amesema akikatwa, anarudisha meno.