Siku Tolliver Walipowavaa Wakubwa

Jumatano, 11 Septemba

Jumamosi tunawavaa Crandall kwenye mpira wa Kimarekani! Sisi Tolliver, chuo kilichozungukwa na mahindi pande zote, dhidi ya wababe wa Tennessee nzima. Wametualika siku wanafunzi wao wa zamani wanaporudi kusherehekea. Maana yake sisi ndio kitoweo cha wageni. Tutaona!

Shemeji Garrett, kaka wa mke wangu, alisoma Crandall na hachoki kutukumbusha. Tumewekeana dau. Ambaye timu yake itafungwa atavaa jezi ya mwenzake Jumapili kanisani, mbele ya waumini wote. Mimi, mtunza vifaa wa Tolliver, nivae zambarau yao? Thubutu!

Alhamisi, 12 Septemba

Nimewagundua! Nimetazama video za mechi zao hadi macho yamevimba. Pembeni ya uwanja husimama jamaa mnene anayewapa wachezaji ishara. Akisugua tumbo, wanakimbia na mpira. Akishika sikio, wanaurusha. Nikamweleza Kocha Mabry. Akaniambia, Lonnie, nenda kafue soksi.

Wivu tu. Nikamvuta pembeni Tavaris, nahodha wa walinzi wetu, nikamnong'oneza siri yote. Kijana ana adabu zake. Akasema, sawa, Mzee Lonnie.

Jumamosi, 14 Septemba

Balaa! Mnene akashika sikio. Tavaris akarudi nyuma kungoja mpira wa kurushwa. Wakampita mbio! Mnene akasugua tumbo, wetu wakajazana mbele. Mpira ukarushwa juu ya vichwa vyao. Mapumziko, 21–0. Kumbe mnene ni wa kuzugia tu, ishara za kweli anatoa mwingine! Kocha anasema hata mtoto analijua hilo. Alisema na mengine, siyaandiki. Akanitimua uwanjani.

Nikapanda jukwaani kwa Garrett. Akanikaribisha kwa kicheko, akisema mbavu za nguruwe zipo, na jezi yangu ipo. Nikafikiri haraka. Huku hakuna anayenijua, kanisani wananijua wote. Nikamwomba tumalize dau hapahapa. Akakubali. Nikavaa zambarau. Akili!

Kipindi cha pili Kocha akawaambia vijana wasitazame mtu, watazame mpira. 21–7! 21–14! 21–20! Sekunde za mwisho tukapiga teke la mbali, la pointi tatu. Mpira ukagonga mlingoti, ukaingia! 23–21! Tumewapiga Crandall kwao! Nikalia kwa furaha kama mtoto. Nikainua macho, nikajiona kwenye skrini kubwa ya uwanja: mzee mzima ndani ya zambarau, anabubujikwa machozi. Mashabiki wetu wakaniimbia pole. Televisheni ikarusha picha hiyo jimbo zima.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisa zima kijani, rangi yetu. Garrett katinga suti, anasema dau liliisha mapumziko. Ningevumilia saa moja tu, leo ningemwona ndani ya kijani! Mchungaji kawaombea faraja wote waliolia jana, macho kwangu. Darlene, mke wangu, alicheka hadi akatoka nje.

Lakini tumewapiga! Sasa wakubwa ni sisi. Jumamosi ijayo wanakuja Beecher, kichuo ambacho hata basi ni la kuazima. Garrett kasema atawashangilia wao. Nilicheka nikapaliwa. Nimeweka dau masharubu yangu, yote. Vichuo kama vile vitatufanya nini?