Kadi Yetu Haina Kelele: Ongezeni Alama Kabla ya Jumamosi

Jengo la 14, Mlango B, Ghorofa ya Sita,
Sliven.
Jumatatu, katikati ya Septemba.

Kwa Mhariri wa Gazeti la Kompyuta la Kila Alhamisi,
Sofia.

Ndugu Mhariri,

Najua siku hizi mnapenda kuitwa Bwana, lakini mkono wangu ulijifunza kuandika zamani na hausikii la mtu.

Anayekuandikia ndiye mtu wa kwanza katika Bulgaria nzima kumiliki kadi ya picha ya Vihar 90, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili gemu zionekane vizuri. Sawa, wa kwanza hapa Sliven. Haya basi, wa kwanza katika ngazi zetu za Mlango B, na hata hapo nusu yake ni ya mkwe wangu Boncho, baba wa mume wa binti yangu. Lakini nusu yangu ndiyo yenye feni.

Wiki iliyopita Mhandisi wenu Pophristov aliipa kadi hii alama nne kwa kumi. Boncho alinisomea makala yote jikoni kwangu, amesimama, kama hakimu anayesoma hukumu. Akamaliza, akakunja gazeti, akasema, "Mkwe, tumeuziwa jiko." Sasa anataka kuirudisha. Duka linapokea vitu ndani ya siku kumi na nne, na ya kumi na nne ni Jumamosi hii. Nusu yake ya pesa ataiweka kwenye mashine ya kuchanganya zege. Ndiyo maana nalalamika, kwa heshima zote, kama ifuatavyo:

1. Mhandisi ameandika kwamba kadi inanguruma. Uongo mtupu. Yetu ni kimya kuliko chumba cha mtihani. Mke wangu Dobrinka alitega sikio kwenye sanduku la kompyuta, akaniuliza, "We mzee, una hakika hiki kitu ni kizima?" Nikamwambia ukimya ndio uzima wenyewe, na yeye pia aujaribu.

2. Ameandika kwamba inachemka hadi mtu anaweza kukaanga yai. Nimeweka kiganja, nikaweka shavu, nikamweka paka. Paka alivumilia dakika tano, akaondoka kwenda kutafuta joto.

3. Ameandika kwamba inakula umeme hadi fyuzi inaruka. Je, Ndugu Mhariri, huyo mhandisi wenu huishi wapi? Mwezi huu jengo zima liko kwenye baraza likichoma pilipili hoho za kuweka akiba ya baridi. Kipimo cha umeme tunacho! Tulichomeka kompyuta na kijungu cha Dobrinka cha kuchomea hoho kwenye soketi moja, Boncho akiwa shahidi. Hoho kilo kumi na mbili ziliiva, gemu ikaendelea, fyuzi haikukohoa. Kwenye maabara yenu huko Sofia mlichoma hoho ngapi? Andikeni idadi.

4. Ameandika kwamba kasi yake inapita mahitaji ya mtu wa kawaida. Hapo ndipo nilipojua hajaiona kabisa. Kwetu kifaru cha vita ndani ya gemu kinakuja taratibu, kwa adabu. Unakiona, unainuka, unamimina glasi ya rakia, pombe yetu kali, unarudi, unakikuta kwenye mti uleule. Boncho alinikejeli mbele za watu: "Hii ni gemu au ni picha ya ukutani?" Nikamjibu, "Umeendesha treni ya mizigo miaka thelathini, leo ndiyo umepata haraka?" Jikoni watu walicheka, naye akacheka mwisho, kwa shida.

5. Hili ndilo kubwa. Mhandisi ameandika kwamba kadi "haina thamani ya bei yake". Ameipimaje? Tangu nistaafu kiwanda cha nguo, kengele ya mlango wangu ililia mara mbili: msoma mita ya maji, na mtu aliyekosea ghorofa. Tangu kadi ije, kila alasiri jikoni pamejaa. Wanagombania viti. Wanabishana kama itadumu miaka miwili au kumi, kama ya mwaka jana ilikuwa bora, kama waranti ni ya kweli au ni karatasi ya kufungia jibini. Zdravka, fundi wa televisheni wa ghorofa ya chini, hakuwa amenisalimia tangu ugomvi wa lifti. Sasa huja na keki yake. Kadi ikiondoka Jumamosi, Jumapili wote watakuwa uani kwa Boncho wakitazama zege ikizunguka, nami nitabaki na msoma mita.

Kwa hiyo naomba: alama ziwe kumi. Mhandisi aje Sliven aiombe kadi radhi, chakula atakipata. Wizara ya Afya iweke kadi hizi hospitalini, maana hazisumbui mgonjwa, na mwenye homa anaweza kulazwa juu yazo apoe. Na maktaba ambayo bado haina, ifungwe.

Nisalimie wapiga chapa, wahariri wote, mama wa mapokezi, na hata Pophristov, nusu salamu.

Wako katika ukweli,
Stayko Gerdzhikov, mstaafu

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha Zdravka alipoinama nyuma ya kompyuta kuokota kijiko. Akaninong'oneza, "Babu Stayko, waya wa skrini umeuchomeka kwenye tundu la zamani la kompyuta, si kwenye tundu la kadi. Kadi yako imelala usingizi tangu siku ya kwanza." Tukauhamisha. Ndugu Mhariri, ilinguruma, ikachemka, kifaru kikapita kama mwizi, fyuzi ikaruka, na hoho za Dobrinka zikabaki nusu mbichi. Pophristov ni mtu mkweli, salamu zake zikamilisheni. Waya nimeurudisha tundu la zamani, na Zdravka ameapa kunyamaza.

Sasa, mwaka jana mlibandika picha yangu kwenye tangazo la mtu auzaye sungura. Nilipigiwa simu mwezi mzima, sikulalamika, kwa hiyo nawadai hisani moja ndogo. Barua yangu itoeni Alhamisi hii, ukurasa wa mbele. Nyongeza hii itoeni Alhamisi inayofuata.