Sanduku la Vitabu na Paka wa Elerai

Jumatatu, 25 Mei 1953

Jana baada ya ibada Mchungaji Kaanaeli alitangaza kwamba sanduku la vitabu limefika kutoka mjini. Vitabu vya Kiswahili, vipya, vya usharika mzima. Vitakaa katika nyumba ya msharika mmoja, na watu watakwenda kusoma hapo. Nyumba iwe kavu, iwe wazi kwa wote, na isiwe na panya. Alhamisi ya wiki ijayo yeye na wazee wa kanisa watapita kukagua.

Tulioomba ni wawili. Mimi, na Ndesanjo mwenye duka.

Ndesanjo ni Mchaga wa Machame. Alihamia hapa Akheri na paa la mabati na redio ya betri. Kabla yake, gazeti likifika watu walikuja kwangu niwasomee. Walijaa barazani mpaka kwenye migomba. Sasa wanakwenda kwake. Hata shemeji yangu anakwenda. Nisipopata sanduku hili nitabaki mchuma kahawa tu, kama kila mtu.

Nyumba yangu ni kavu. Iko wazi pia. Panya ni suala jingine. Wamekula kitabu changu cha jiografia kuanzia mgongoni. Bara la Asia halimo tena.

Hanna, mke wangu, ameshauri nimwambie Mchungaji ukweli. Nimemjibu kwamba ukweli wenyewe ni kuwa tutapata paka.

Jumatano, 27 Mei

Nimepanda lori la ndizi mpaka mjini, kisha kwa miguu hadi Elerai kwa Nosim, mama wa Kiarusha anayenunua ndizi za Hanna sokoni Tengeru. Paka wake wanasifiwa. Nimempa mkungu mzima, akanipa dume la kijivu lenye sikio lililochanika. Alinionya kwamba paka huyu hafuati mtu, hufuata tumbo lake. Nikamwambia kwetu kuna panya wa kumshibisha yeye na ukoo wake.

Nimemleta katika kikapu kilichofungwa kamba. Amenikwaruza kupitia kikapuni. Nyumbani alitoka, akazunguka chumba, akatazama kila kitu kwa makini, kisha akakaa bila kufanya lolote. Nimempa jina Bwana Shauri, kama Mzungu mkuu wa wilaya. Hanna amenisihi nisimwite hivyo barabarani.

Ijumaa, 29 Mei

Bwana Shauri alikuwa haonekani tangu jana. Nimemtafuta kwenye migomba, kwenye mfereji, kwa majirani. Nimemkuta dukani kwa Ndesanjo, amelala juu ya gunia la dagaa. Kando yake panya aliyekufa. Panya wa Ndesanjo.

Ndesanjo alinipokea vizuri. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya. Alieleza kwamba hakujua paka ni wa nani, alifikiri ni baraka tu. Akanifungia dagaa kwenye karatasi, bure.

"Mpe hawa, Baba Elifuraha. Atazoea kwako."

Nimembeba paka nyumbani. Amekula dagaa wote. Nilipoinuka kufunga mlango alikuwa tayari barabarani, anarudi dukani, wala hana haraka.

Jumapili, 31 Mei

Mahubiri ya leo: usitamani cha jirani yako. Nilimtazama Ndesanjo. Alikuwa anasikiliza kwa makini, natumaini yamemwingia.

Nje ya kanisa mazungumzo yote ni ya malkia mpya atakayevikwa taji Jumanne. Niliuliza kama gazeti limeandika chochote juu ya ndugu zetu Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Hakuna neno. Kuna picha ya gari la farasi la malkia, ukurasa mzima.

Wazo lilinijia katika wimbo wa mwisho. Kama siwezi kuwaondoa panya kwangu, naweza kuwapeleka kwake. Panya hufuata harufu ya chakula. Supu ya dagaa ikimwagwa nyuma ya kabati lake la vitabu, panya wa Akheri nzima watahamia huko, na wangu watakuwa wa kwanza. Kwake watajaa, kwangu watakwisha. Sijui kwa nini sikufikiri hivi mapema.

Jumanne, 2 Juni

Siku ya taji. Sebule ya Ndesanjo ilijaa watu, redio ikikoroma na kupotea. Tulisikia kengele, kisha kikohozi cha mtu, kisha kengele tena. Mtangazaji alisema pia kwamba watu wawili wamefika kileleni mwa mlima mrefu kuliko yote duniani. Bibi Anande, ambaye ameishi chini ya Meru maisha yake yote, aliuliza walipotelewa na mbuzi gani huko juu.

Nilikuwa na chupa ya supu ndani ya koti. Watu waliposimama kwa wimbo wa malkia nilirudi nyuma polepole hadi kwenye kabati, nikamimina. Nusu ilikwenda nyuma ya kabati. Nusu ilikwenda mfukoni mwangu. Hakuna aliyeniona. Ndesanjo alimuuliza mkewe kama kuna samaki jikoni.

Njiani paka wa jirani yetu Tabea alinifuata. Baadaye na wa shuleni. Hanna amelitundika koti nje bila kuniuliza kitu. Sipendi anaponyamaza namna hiyo.

Alhamisi, 4 Juni

Wakaguzi wameanza kwangu. Nilikuwa nimefagia, nimepanga vitabu, nimeweka chai na viazi vitamu. Mchungaji alipapasa ukuta, akasifu jinsi ulivyo mkavu. Wazee wakaitikia. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Ndipo panya mmoja akatokea nyuma ya Biblia. Akapita juu ya meza, akachukua kipande cha kiazi karibu na kikombe cha Mchungaji, akarudi alikotoka kwa mwendo wa kawaida. Niliwaambia wazee kwamba huyo ni mgeni.

Hanna akasema, "Hapana, Mchungaji. Ni mwenyeji."

Nilifuatana nao mpaka kwa Ndesanjo ili nishuhudie panya wake. Mlango ulipofunguliwa tuliona paka. Paka juu ya kabati, paka chini ya meza, paka dirishani, wengine sijawahi kuwaona tangu nizaliwe. Bwana Shauri amekaa katikati yao kama mwenyekiti wa baraza. Ndesanjo aliona haya sana. Aliomba radhi, akaeleza kwamba tangu Jumanne wanaingia tu, akiwafukuza wanarudi, na wamemaliza panya mpaka wa ghalani. Hajui wanataka nini nyuma ya lile kabati.

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Akasema katika utumishi wake hajaona nyumba iliyo salama kwa vitabu kama hii. Wazee hawakuhitaji kushauriana. Sanduku limekwenda kwa Ndesanjo.

Nimerudi kwa kupita katikati ya mibuni nisikutane na watu. Nilikaa jikoni. Hanna alinipa maziwa mgando, akaendelea kumenya ndizi.

"Watu walikuwa wanafuata sauti yako, Baba Elifuraha," akasema. "Hakuna aliyewahi kuja kwa sababu ya nyumba."

 

Jumamosi, 6 Juni

Asubuhi Ndesanjo amekuja mwenyewe. Nilidhani amegundua supu, nikaanza kumweleza habari za koti langu. Alikuwa na lake. Macho yake hayaoni herufi ndogo, na watu wanalalamika kwamba anasoma kama mtu anayechambua maharage. Ananiomba niwe msomaji wa vitabu vile, kila Jumamosi jioni, sebuleni kwake. Mchungaji amekubali. Alisema alitaka kuniomba tangu alipohamia, ila aliona kama nina kinyongo naye.

Nilimwambia kinyongo sikijui.

Jioni nimesoma kisa cha mfanyabiashara aliyepotea nyikani. Watu walijaa mpaka nje. Mama mmoja alisahau sufuria yake motoni, harufu ikatufikia, asiinuke. Ngamia alipokufa Bibi Anande alilia waziwazi. Nilipofunga kitabu walikaa kimya, wote, kama wanangoja nipumue kwanza. Nilikuwa nimesahau kwamba naweza hivyo. Nimerudi nyumbani na Hanna taratibu, naye alinyamaza njia nzima, na safari hii nilipenda.

Jumapili, 7 Juni

Kanisani nimesalimiwa na watu wengi. Hanna ameniambia nishukuru, nitulie. Nimeshukuru.

Lakini nimefikiri pia. Watu hawawezi kuinuka kabla kisa hakijaisha. Kisa cha Jumamosi ijayo ni cha mwindaji anayeingia pangoni mwa simba. Akishaingiza mguu mmoja, nitakohoa. Nitawaeleza kwamba koo limekauka, na kwamba mwisho wa kisa nitausoma kesho yake, kwangu. Watakuja wote, na Ndesanjo atabaki na redio yake. Nimekwisha kusema na Efraimu seremala juu ya mabenchi.

Hanna ameuliza siku hiyo kitabu kitakuwa katika nyumba gani. Nimemwambia hayo ni mambo madogo, tutayatazama mabenchi yakishafika.