Ombi la Kumzuia Dada Yangu Asihame Kabla Matunda ya Miiba Hayajaiva

Nyumba ya Dobi,
Kwenye ukuta uliokatika katikati.
Jumatano, baada ya kuanika.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

YAH: KUZUIWA KWA DADA YANGU KUHAMA

Ndugu Mwenyekiti, natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na chai umeshakunywa, kwa sababu ni ndefu.

Mimi ni yule dobi wa nyumba yenye kamba nne za kuanikia. Unanijua. Ndimi niliyekutolea doa la wino kwenye mfuko wa shati siku mbili kabla ya uchaguzi wako, na sikumwambia mtu. Sikukumbushi ili unipendelee. Nakukumbusha tu.

Dada yangu mkubwa anakaa nyumba ya pili, kwenye kiwanja ambacho zamani kilikuwa kimoja na changu. Baba alipokigawa, alimwita mwashi ajenge ukuta katikati. Mwashi akaanza barabarani, akaja vizuri mpaka akakifikia kile kichaka cha matunda meusi yenye miiba. Akakitazama, akakiruka, akaendelea na ukuta upande wa pili. Kwa hiyo mpaka wetu ni tofali, kisha miiba, kisha tofali tena. Wewe mwenyewe kichaka unakijua, maana siku ya usafi wa mtaa ulihutubia ukiwa na ulimi wa zambarau.

Sasa dada yangu, ambaye alikuwa sekretari wa ofisi miaka thelathini na moja, anahama Jumamosi hii kwenda kukaa na binti yake aliyejifungua mapacha. Gari limeshapangwa. Masanduku yapo barazani. Matunda kwenye kichaka bado mekundu. Naomba ofisi yako imzuie asiondoke, na sababu zangu ni hizi:

1. Kichaka kina pande mbili, na kimezoea kuchumwa pande zote mbili. Ukiacha kuchuma upande mmoja, matawi ya huko yanarefuka, yanalemea, yanauvuta mmea wote. Mimi nitabaki na majani na miiba, huku matunda yote yakining'inia kwenye uwanja wa nyumba tupu, yakiliwa na ndege. Ndege hao hawana kiwanja mtaani kwako, hawaji mikutanoni, wala hawajawahi kukupigia kura. Sioni kwa nini wapewe kipaumbele.

2. Hili ni la afya. Mimi hula matunda yale kwa kiasi kwa sababu kuna mtu upande wa pili anayenisikia nikitafuna. Mwaka dada alipolazwa siku nne, nilikula bila msimamizi. Nilianza na machache, yale laini ambayo ukiyagusa tu yanaachia, yakiwa bado na joto la jua. Nikasema niongeze kidogo. Jioni nilikuwa nimelala chali kwenye sakafu ya chumba cha pasi, nimeshika tumbo, nikiwaomba msamaha watu ambao hata sijawakosea. (Alikula bakuli tatu. – Mpiga chapa)

3. Ndugu Mwenyekiti, nimesikia mashine ikilia wakati mimi nimenyamaza. Sijui kilichoandikwa ni nini, lakini nalazimika kueleza. Barua hii inapigwa chapa na mlalamikiwa mwenyewe. Ofisi yako ndiyo iliyonifikisha hapa, pale uliponirudishia barua niliyoandika kwa mkono ukisema hujui kama ni malalamiko au orodha ya nguo. Macho yangu yameharibiwa na mvuke, na mwenye mashine ya chapa hapa ni dada peke yake. Walimzawadia kazini kwake alipostaafu.

Utasema, kumbe mnazungumza. Hatuzungumzi hata kidogo! Mwaka wa tatu huu. Mimi nakaa upande wangu wa kichaka juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasema hewani. Yeye yuko upande wake, mashine ameiweka juu ya kigoda, anapiga. Ninayezungumza naye ni wewe. Barua zangu zote saba za kumlalamikia amezipiga yeye, na nakiri kwamba hajawahi kukosea hata nukta.

4. Chanzo cha ugomvi. Marehemu mama alituwekea sheria moja ya kichaka: tunda la kwanza kuiva kila mwaka ni la mkubwa, na analila palepale, amesimama, mdogo akitazama. Mdogo ni mimi. Nimetazama tangu nikiwa na meno ya utoto. Miaka mitatu iliyopita tunda la kwanza lilianza kuwa jeusi siku ambayo dada alikuwa na miadi ya kliniki. Akalifunga uzi mweupe kwenye kikonyo, akaenda zake. Mimi nikalila. Sikatai, nililila. Utetezi wangu ni kwamba nilidhani ule uzi umepeperuka kutoka kwenye shuka zangu.

Dada aliporudi alikishika kile kikonyo kitupu, akakiangalia, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hajanitamkia neno. Sasa zingatia, Ndugu Mwenyekiti: aliyeanza kununa ni yeye. Na mtu aliyeanza kununa hana haki ya kuhama kabla hajamaliza. Ataondokaje na kununa anakoninunia mimi? Kule hawanijui.

5. Madoa. Mwaka jana shuka tatu za nyumba ya wageni zilikutwa kambani na alama za vidole vya zambarau, vitano vitano, wazi kabisa. Kama hujui, doa la tunda hili ni kiboko. Damu inatoka kwa maji ya baridi, chai inatoka kwa subira, lakini hili unavuta kitambaa juu ya beseni kikaze, unapanda juu ya stuli, unamwaga maji yanayochemka kutoka juu huku unajiombea usijiunguze. Nilimshtaki dada katika barua yangu ya nne. Kesi haijaisha. Mshtakiwa akihama, nani atabaki hapa wa kushukiwa? Nitabaki mimi na ndege. (Vidole vile vilikuwa vinene. – Mpiga chapa)

Mashine imelia tena. Naendelea.

6. Kuhusu hao mapacha. Nawapenda, damu yangu. Lakini tuwe wakweli: watoto wawili, na kati yao hakuna jino hata moja. Hawawezi kuchuma, hawawezi kutafuna, hawawezi hata kushika bakuli. Wana haraka gani ya kumpata bibi mwezi huu? Na huko anakokwenda ni ghorofa ya tatu. Hakuna kichaka ghorofa ya tatu. Atakuwa analetewa matunda ya dukani kwenye sahani, anayala amekaa, na mikono safi. Mwanamke wa kuchuma kwa miaka sitini bila kuchomwa na mwiba hata mmoja! Huo ni udhalilishaji, na ofisi yako haiwezi kukaa kimya.

7. Bakuli langu la bati, lenye ua jekundu ubavuni, analo yeye. Asihame nalo. (Analo yeye mwenyewe. Na si lake, ni langu. – Mpiga chapa)

8. Nilitaka kuishia kwenye la bakuli, lakini nimeona niseme na hili, maana barua za serikali zinatakiwa ziwe kamili. Asubuhi nikiwa nafua nasikia komeo la mlango wake. Saa nne nasikia mashine, anaandikia watu barua zao. Mchana tunachuma, yeye kwake na mimi kwangu, na katikati ya majani naona kitu cheupe kikipita. Najua ni leso yake ya kichwa, ingawa macho yangu hayaoni zaidi ya hapo. Nikishuka Jumapili kwenye kile kichaka na upande wa pili pakawa kimya, nitafanya nini? Nitaona upweke, Ndugu Mwenyekiti. Nimelisema.

(Namsubiri mpiga chapa. Mashine imesimama muda sasa. Haya, imeendelea.)

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, Jumamosi barabara yetu ifungwe kwa ajili ya kuzibua mitaro, hata kama mitaro ni mizima. Pili, dada yangu ahesabiwe kuwa sehemu ya ukuta wa mpaka, ambao kwa kanuni zako mwenyewe hauruhusiwi kusogezwa bila kibali cha majirani. Jirani ni mimi, na kibali sitoi. Tatu, ikishindikana yote, mapacha waletwe hapa. Chumba cha pasi kina joto zuri kwa watoto wachanga, na mimi nepi siziogopi.

Nisalimie mkeo, nisalimie karani wako ukimkuta macho, na yule fundi viatu anayekaa mlangoni pa ofisi mwambie viatu vyangu bado navitaka. Wasalimie na wajumbe wote, pamoja na wale walionicheka barua ya sita iliposomwa kikaoni. Nawajua.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, mwenye mikono safi,

Dobi

Nyongeza: HAYA NAANDIKA MWENYEWE KWA MKONO, KWA HERUFI KUBWA. DADA AMENIPENYEZEA BARUA KICHAKANI NITIE SAHIHI, KISHA AMEINGIA NDANI KUANGALIA SUFURIA. MWENYEKITI, USIMZUIE. BINTI YAKE ANAPIGA SIMU ANALIA, HALALI USIKU, NA MTOTO AKIMWITA MAMA YAKE, MAMA LAZIMA AENDE. NIMESEMA YALE YOTE KWA SABABU SIJUI KUSEMA MENGINE. VIDOLE KWENYE SHUKA NI VYANGU. BAKULI LIPO CHINI YA MEZA YA PASI. NA ULE UZI NILIJUA NI WAKE. NILIJUA KABISA. NILITAKA MWAKA MMOJA TU NIJUE WA KWANZA ANAONJA NINI, NA SIKUONJA KITU, NILIMEZA KWA HOFU. LEO ASUBUHI TUNDA LA KWANZA LIMEIVA. LIPO UPANDE WAKE, TAWI LA CHINI, NIMELIFUNGA UZI MWEUPE. TAFADHALI MTUME MTU AMWAMBIE ALILE KABLA YA JUMAMOSI. MIMI NITASIMAMA KWANGU NITAZAME.

Nyongeza ya mpiga chapa: Ndugu Mwenyekiti, barua nimeikuta juu ya ndoo nilipokuja kuitia kwenye bahasha. Tunda nimeliona. Lilikuwa bado jekundu, na lilikuwa chachu mpaka macho yakanitoka machozi, lakini nimelila lote, nimesimama, na yeye alikuwa upande wake anatazama. Kwa macho yale sijui aliona nini.

Ya kuiva kweli yanataka kama wiki mbili. Nimempigia binti yangu, amesema shangazi wa mumewe atamsaidia kwa wiki hizo, na mwenye gari nimemwambia aje mwisho wa mwezi. Naomba umwambie dobi, na umwambie pia asidhani ameshinda. Ningemwambia mwenyewe, lakini hatuzungumzi.