Gundi Yangu na Viatu vya Mzee Mbaraka

Jumatatu, 5 Septemba 2022
Mgongo umekataa. Tangu nitoke Kalemie nabeba simenti ya watu hapa bandarini Kindu, na mimi nalala nyumba ya udongo. Basi! Mzee Mbaraka anatafuta fundi viatu wa kukaa kwenye baraza yake sokoni. Kivuli, kiti, hakuna mizigo! Ametugawia viatu vyake na vya jamaa zake vilivyobanduka soli: nusu mimi, nusu Moussa, anayeitaka baraza hiyo pia. Ijumaa baada ya sala atachagua mmoja. Moussa anashona kwa sindano, kama bibi yangu. Masikini.

Jumatano, 7
Nimepata gundi ya vijiti. Unaiyeyusha motoni, inamwagika kama asali, na kabla hujamaliza kupiga chafya imekuwa ngumu kama pembe. Nimemaliza viatu vyote. Moussa bado anahangaika na cha pili. Nilifika darasa la tano, najua: kilichoganda kimeganda.

Alhamisi, 8
Majaribio. Nimening'iniza tofali kwenye soli: imeshika. Nimezamisha kiatu kwenye ndoo ya maji: imeshika! Moussa akapita, akauliza kama nafundisha viatu kuogelea. "Ndugu yangu, kiatu si samaki. Kiweke juani, uone." Wivu mtupu! Nikamwambia ashone kwanza mdomo wake, uzi anao. Watu walicheka sana.

Ijumaa, 9
Aibu. Nilijua Waislamu wanavua viatu msikitini. Sikufikiri vinawangoja wapi. Kwenye ngazi za simenti, jua la saa sita! Na imamu leo alikuwa na maneno mengi. Mzee Mbaraka akatoka, akavaa, akapiga hatua. Ngozi ikaenda naye, soli zikabaki. Shemeji yake Youssouf akainua kiatu kimoja, vikaja vitatu, kama ndizi za chane moja. Viatu vya Moussa vilikwenda nyumbani miguuni mwa wenyewe. Mzee hakupiga kelele. Ingekuwa heri. Alisema polepole, mbele ya wote: "Mutoto yangu, rudia simenti. Ile ikikauka, haigeuki." Baraza amepewa Moussa.

Jumamosi, 10
Nimebeba mifuko tangu asubuhi, nikifikiri. Gundi haina kosa. Kosa ni la jua la Kindu, na la msikiti usio na paa kwenye ngazi. Bahati nzuri vijiti vimebaki vingi. Mama Salama, anayetupikia wabeba mizigo, sufuria yake imeng'oka mkono. Nimemwahidi kuugandisha kesho. Hapa siwezi kushindwa: sufuria haikai juani hata kidogo. Iko ndani, juu ya moto, kutwa nzima.