Ng'ombe Kumi wa Muda Mrefu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi kulikuwa na baridi kali na upepo uliorusha vumbi mpaka kwenye chai. Baada ya sala, nilikumbuka kwa shukrani kwamba Kamati ya Thamani ya Muda Mrefu ilikuwa imekwisha kuutangazia Mkoa jambo kubwa: hisa ya Kampuni Kuu ya Alizeti ina thamani ya shilingi elfu sita, na anayeshangaa hana subira.

Mimi ni katibu wa Kamati hiyo. Hesabu nilijifunzia ukubwani, katika madarasa ya jioni, na Mungu amenisaidia. Faida ya uendeshaji ni kile kinachobaki Kampuni ikishalipia alizeti, umeme na mishahara. Kwa mwaka, kila hisa inapata shilingi mia ya faida hiyo. Kwa hiyo mnunuzi atasubiri miaka sitini faida ifikie bei aliyolipa. Zamani alisubiri kumi tu. Kamati ilichunguza tofauti hiyo kwa vikao vitatu vyenye chakula, ikabaini kwamba watu wa zamani walikuwa na haraka.

Misimu miwili sasa wakulima wanalipwa kwa hisa badala ya fedha. Mkurugenzi wa Kampuni, Bwana Calist, aliwaeleza mwenyewe pale Mwankoko: "Hisa ni bora kuliko ng'ombe: haiugui ndigana wala hailiwi na fisi." Walipiga makofi. Wengine walikuwa wanajipasha moto.

Jumamosi hiyo Mkurugenzi alinialika nyumbani kwake Unyambwa kuandika kumbukumbu za mahari ya binti yake, Rebeka. Mchumba ni Marko, kijana wa Mzee Alute, mkulima wa Mwankoko. Walikuwa wamekwisha kukubaliana ng'ombe kumi. Iwapo ng'ombe hao wasingefika siku hiyo, ndoa isingekuwepo. Niliombwa kufungua kwa sala. Nilipofika kwenye mvua za msimu ujao, mtu alikohoa, nikasema amina.

Dada mkubwa wa Mkurugenzi, Bi Martha, ndiye mkaguzi wa mifugo katika ukoo wao. Alikwenda uani na fimbo yake, akarudi upesi.

"Naona mbuzi wetu tu. Ng'ombe wako wapi?"

"Shikamoo, shangazi," alisema Marko.

"Marahaba. Ng'ombe?"

Mzee Alute alitandaza vyeti mkekani. "Hawa hapa. Hisa elfu moja. Ng'ombe ni laki sita, kwa hiyo hisa mia ni ng'ombe mmoja. Kumi wametimia, na hawali majani."

Bi Martha alichukua cheti kimoja, akakigeuza nyuma na mbele kama anayetafuta chuchu. "Huyu anakamuliwa wapi?"

Nilimfafanulia kwamba faida ipo, ila itafikia bei yake baada ya miaka sitini.

"Sitini! Rebeka atakuwa na themanini na tano!"

"Themanini na nne, mama," nilisahihisha, maana kumbukumbu lazima ziwe safi.

Mkurugenzi alikunja uso. "Mzee Alute, mahari ni jambo la heshima. Lete ng'ombe."

"Na alizeti yangu haikuwa ya heshima? Magunia yote ulibeba wewe. Ng'ombe nitawanunua kwa nini? Si wewe uliyesema hisa ni bora kuliko ng'ombe?"

"Nilisema kwa muda mrefu!"

"Ndoa yenyewe ni ya muda mfupi?"

Wanawake walicheka jikoni. Mzee Alute alianza kukusanya vyeti. Marko alisimama taratibu, macho yakiwa kwenye mlango wa ndani, ambako tulimsikia Rebeka akilia bila kujificha.

"Niozeshe binti kwa makaratasi?" alifoka Mkurugenzi. "Hizi zote hazifiki hata ng'ombe wawili!"

Niliandika kauli hiyo kwa furaha, kwani ilikuwa mara ya kwanza uongozi kukubaliana na hesabu ya zamani, ile ya miaka kumi. Nilipoinua kichwa, hakuna aliyekuwa anacheka.

"Kumbe," alisema Bi Martha. "Mmebeba alizeti ya mwenzenu ya ng'ombe kumi, mkamrudishia wawili?"

"Dada, hayo ni mambo ya Kamati."

"Basi Kamati ije iolewe. Calist, chagua. Hizi ni ng'ombe, tuzipokee na leo tuchinje moja wageni wale. Au si ng'ombe, useme utawafanyia nini watu."

Mkurugenzi alinitazama. Nami nilifumba macho, nikamwombea. Nilipoyafumbua, alikuwa amesimama.

"Jumatatu Kampuni itanunua hisa za Mzee Alute kwa elfu sita. Za kila mkulima pia."

"Sema kwa sauti," alisema Bi Martha. "Jikoni hawajasikia."

Akavua kofia. "Mbele yenu wote, naahidi! Kila hisa, kila mkulima, elfu sita taslimu! Na fedha za Kampuni zisipotosha, nitauza ng'ombe wangu mwenyewe, wale wenye miguu!"