Mastura na Makopo Mawili ya Bofu

Enyi mliokaa na mnaopita, tegeni masikio mpate habari ya Mastura binti Abubakar, simba jike wa jikoni, mkaanga kaimati wa Bofu, na alasiri aliyoyakabili makopo mawili katika Mwezi Mtukufu.

Mwaka uliotangulia shujaa huyu alitia chumvi kwenye shira ya kaimati badala ya sukari, na mama mkwe wake, Bi Mwanasaumu, akaibeba habari hiyo kila arusi ya Likoni. Leo Bi Mwanasaumu alikuwa njiani kuja kufuturu tena. Naye Rashid, mume mwema asaidiaye bila kuombwa, alikuwa amemimina chumvi na sukari nyeupe iliyosagwa katika makopo ya sura moja, kisha akasahau lipi ni lipi.

Jirani Agneta, ambaye hafungi, angeonja, lakini alikuwa kazini Port Reitz. Mastura akatia kijiko kimoja cha kila kopo katika bilauri ya maji ya peke yake, akakoroga. Maadui wote wawili wakazama, wakatoweka, maji yakabaki maangavu. Hofu ikamshika.

"Onja kwa ncha ya ulimi, uteme," Rashid akashauri. "Mashekhe wameruhusu."

Mastura akainua mwiko kama upanga. "Ewe Rashid, wallahi, mamako akisikia nimeonja mchana wa Ramadhani, arusi zote za Likoni hazitamtosha kunisimulia. Niletee tochi yako na nyaya."

Kwani alilikumbuka somo la kemia. Chumvi ikiingia majini hutengana ikawa ioni, jeshi lililotawanyika, kila askari na chaji yake, nazo huupitisha umeme. Sukari huyeyuka molekuli nzima nzima, hazina chaji, hazipitishi kitu. Akaunga mawe ya betri ya tochi na taa yake, akaacha ncha mbili za waya wazi, akazitumbukiza katika bilauri ya kwanza. Giza. Akazitumbukiza katika ya pili, na taa ikawaka, hafifu, lakini ikawaka.

"Ewe chumvi," akatamka, "umejitangaza mwenyewe."

Magharibi ilipoadhiniwa, Bi Mwanasaumu akala tende, kisha kaimati moja, akiitafuna polepole kama kadhi asikilizaye kesi. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu.

"Tamu, mwanangu," akasema kwa huzuni. "Sasa arusini kwa kina Jalila nitahadithia nini mimi?"

Mastura akarudi jikoni, akalia kidogo kwa furaha. Ndivyo ulivyoanguka utawala wa Shira ya Chumvi, vizazi vya Bofu na vikumbuke, na Rashid akapigwa marufuku kugusa kopo lolote hadi Idi.